Mlingoti wa Futi Hamsini

Mwaka wa hamsini na saba hapakuwa na kitu Sisibo nzima kilichokaribia mbingu kuliko mlingoti wa Wangila! Sisibo ndiyo Eldoret, kwa wale ambao hawakuwa nasi enzi hizo. Kengele ya kanisa la Makaburu ilikuwa chini yake. Bendera ya DC ilikuwa chini yake. Bomba la moshi la kiwanda cha magome nalo lilipitwa kwa urefu wa mkono mmoja, na usiniulize mkono wa nani, maana aliyepima ni Wangila mwenyewe, amelala chali kwenye nyasi, jicho moja amelifumba.

Huyu Wangila alikuwa karani wa mizani katika hicho kiwanda cha magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, nje kidogo ya mji. Kazi yake ilikuwa kusoma namba kwenye mizani na kuiandika. Basi, hakuna zaidi. Lakini ukimsikia akijieleza ungedhani bila yeye miwati isingeota. Penseli ilikaa sikioni hata Jumapili. Barua zake alizitia sahihi "W. Wangila, Msimamizi Mkuu wa Uzito," cheo alichojipa mwenyewe siku moja ya mvua ambapo hakuna gari lililofika kupimwa.

Redio aliipata kwa Kaburu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao kusini. Wangila alitoa baiskeli yake, naye akapewa sanduku la mbao lenye vifundo viwili, betri nzito kama tofali, na kitabu cha maelezo kisicho na jalada. Mzigo huo aliubeba kichwani maili sita kwa miguu, kwa sababu baiskeli ndiyo hiyo imekwenda. Njiani watu walimpa pole wakidhani amefukuzwa kazi.

Alipoiwasha nyumbani, redio ilitoa sauti ya mandazi yakikaangwa. Akazungusha kifundo cha kwanza, mandazi. Akazungusha cha pili, mandazi yaleyale lakini kwa moto mkali zaidi. Akafungua kitabu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Wangila Kiingereza alikijua mpaka ukurasa wa tatu. Ukurasa wa tatu ulisema redio inataka waya ya nje, ifungwe kwenye mlingoti, na kadiri mlingoti unavyokuwa mrefu ndivyo sauti inavyokuwa safi. Hapo akafunga kitabu kwa furaha. Ukurasa wa nne ulihusu waya nyingine, fupi, ya kuchomekwa ardhini. Ulieleza habari za udongo na jinsi ya kuutunza, na Wangila hakuwa mtu wa udongo.

Sasa, msidhani alitaka redio ili asikie habari za dunia. Dunia haikuwa shida yake. Shida yake ilikuwa Selpha.

Selpha alikuwa binti wa Mzee Shitanda, seremala wa reli na mzee wa kanisa, mtu mwenye saa ya mnyororo mfukoni na masikio yasiyopenda utani. Mzee Shitanda alichukia vitu viwili duniani, pombe na waongo, na pombe ilitangulia kidogo tu. Wanaume wawili walikuwa wanambishia hodi kwa ajili ya binti huyo. Mmoja alikuwa Wangila. Wa pili alikuwa Kituyi, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe aliyeleta magome kiwandani, kijana wa maneno machache ambaye akikaa sebuleni kwa watu ungemsahau ukadhani ni kiti.

Wangila hakusahaulika. Alikaa pale kwa Mzee Shitanda Jumapili nzima akieleza jinsi anavyojulikana. Kule Nairobi, alisema, kwenye kituo cha redio, jina lake liko mezani. Alikuwa amewaandikia barua ya salamu, na wao wenyewe wakamjibu kwa kadi kwamba itasomwa Jumamosi ya mwisho ya Januari, kipindi cha saa kumi na moja jioni. Kadi akaitoa mfukoni. Kwa mara moja katika maisha yake alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana sauti ilimtetemeka.

Mzee Shitanda aliisoma kadi ile mbele na nyuma. Kisha akairudisha.

"Kadi ni karatasi," akasema. "Jumamosi hiyo nitakuja kwako na mama yake Selpha. Nikilisikia jina lako kwa masikio yangu, tutaongea habari ya ng'ombe. Nisipolisikia, usirudi hapa tena, na binti ataenda kwa huyu mwenye mkokoteni."

Kituyi alikuwa amekaa palepale. Aliangalia tu kofia yake.

Mnaona basi mambo yalivyosimama. Wiki tatu, redio inayokaanga mandazi, na mke akining'inia kwenye waya.

Bwana meneja wa kiwanda alikuwa na mlingoti wa futi thelathini nyuma ya nyumba yake. Wangila akaamua wake utakuwa wa hamsini, kwa sababu thelathini ni ya meneja na arobaini ingeonekana kama anaiga. Jirani yake, Kipkemboi, mkulima Mnandi aliyepakana na laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda alimoishi Wangila, alikuwa na mkaratusi mmoja uliokuwa unanyonya maji ya shamba lake la mahindi. Akasema chukua, tena uchukue na mizizi. Ukakatwa, ukachunwa magome. Aliyeukokota mpaka kwa Wangila alikuwa Kituyi na ng'ombe wake wanne. Ndiyo, Kituyi huyohuyo! Wangila alimwita bila haya, na Kituyi akaja bila neno.

Kuuleta kulikuwa mchezo. Kuusimamisha ndiko kulikokuwa na kazi. Mti wa futi hamsini unataka wanaume kumi na wawili wenye kamba, na kwetu ukiita wanaume kumi na wawili wakusimamishie nguzo, huwalipi wala huwapi chai. Unawaandalia chungu cha busaa, ile pombe yetu ya nafaka. Chungu kinatangulia, kazi inafuata, na mwenye kugeuza mpangilio huo atainua nguzo yake na mkewe. Wangila, ambaye kwa Mzee Shitanda alikuwa ameapa kwamba hajui hata harufu ya pombe, alikwenda kwa Mama Nabwire kupitia uchochoro, akaagiza chungu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kanisani akatangaza kwamba amewaita wazee kwa chai.

Wazee wakaja na mirija yao. Kiongozi wao alikuwa Mzee Walubengo, mstaafu wa reli, mtu ambaye mrija wake ulikuwa na futi tisa na aliutunza ndani ya mwanzi mrefu kama askari atunzavyo bunduki. Wakakizunguka chungu. Wakanywa kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Saa nane wakashika kamba, na ule mti ukapanda ukiyumba huku na huku, unaelekea kwa Kipkemboi, unarudi, unatishia paa la bati la Wangila, unarudi, mpaka ukaingia shimoni kwa kishindo. Juu yake waya ikapita, imefungwa kwenye shingo za chupa mbili, ikashuka mpaka dirishani. Na ile waya nyingine, ile fupi ya ukurasa wa nne, Wangila aliitoa kwa dirisha la nyuma, akaifunga kwenye jembe bovu, akalipigilia jembe ardhini nyuma ya nyumba kwa mateke mawili. Alifanya hivyo kwa sababu waya ilikuwa imebaki.

Kisha akapanda juu ya kigoda akahutubia. Aliwaambia wazee kwamba Uingereza kuna redio mpya, redio ambayo mtu akitajwa unamwona hukohuko ndani, sura yake na suti yake. Siku ikifika Sisibo, alisema, watu wengine watahangaika, lakini mlingoti huu hautahangaika. "Huu unashika hata picha!" akasema.

Wazee walikubali kila kitu, kwa kuwa kibofu cha kila mmoja kilikuwa kimejaa. Choo cha laini kilikuwa mbali, karibu na reli, na mtu aliyeshinda na mrija hapendi safari. Wakaenda nyuma ya nyumba, mmojammoja kwa heshima ya umri, wakasimama pale palipo na jembe, kwa kuwa jembe liliwapa kitu cha kulenga.

Wa nne hajamaliza, redio ikasema.

Ilisema kwa sauti safi, Kiswahili cha Nairobi, habari ya bei ya mahindi. Laini nzima ilikimbia kuja kusikia. Wangila alisimama mlangoni mikono kiunoni, akatazama juu kwenye kilele cha mlingoti wake, na machozi yakamlengalenga. Urefu! Si aliwaambia? Urefu!

Kuanzia hapo wazee walikuja kila siku. Walisema nguzo mpya lazima ikaguliwe mpaka udongo wake ushikamane, na mkaguzi naye ana koo. Wangila alinung'unika, lakini chungu kilijazwa. Kila jioni wakaguzi walikunywa, wakazunguka nyuma, na redio ikaongea mpaka watu wa laini ya chini wakalalamika kwamba watoto hawasomi. Wangila akaanza kutembea mjini akiwa ameinua kidevu. Aliwasahihisha watu matamshi yao ya majina ya nchi. Kwenye duka la Mhindi alikataa kupanga foleni.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anaangalia chini. Kituyi, akipita jioni na mkokoteni mtupu, alikuwa akisimamisha ng'ombe wake nyuma ya nyumba ile wanywe kwenye mtaro. Aliwaona wazee wakifika jembeni. Alisikia redio ikipanda. Aliwaona wakiondoka, na jua likikausha, na redio ikishuka. Kituyi ni mtu aliyekaa maisha yake yote akitazama kitu kimoja kinavuta kingine, kwa hiyo hakuhitaji kitabu. Siku moja akamwambia Wangila kwa upole kwamba mlingoti hauna neno, ila siri ya redio iko huku chini.

Wangila alicheka mpaka penseli ikaanguka. Akamwambia mtu wa ng'ombe abaki na ng'ombe, mambo ya hewani awaachie waliosoma. Kituyi akavaa kofia yake akaenda zake.

Ikabaki siku nne Jumamosi ifike. Hapo Wangila akakumbuka kwamba mkwe wake mtarajiwa ana pua. Jumanne asubuhi akakivunja chungu, akafukia vigae, akaifukiza nyumba kwa moshi wa majani ya mkaratusi. Wazee walipofika jioni na mirija yao aliwasimamisha mlangoni akawaambia ukaguzi umekwisha, na kuanzia leo hapa ni nyumba ya Kikristo.

 Mzee Walubengo akarudisha mrija wake ndani ya mwanzi, taratibu, akafunga kifuniko.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Kaa na mti wako."

Januari ya Uasin Gishu haina huruma. Upepo mkavu, jua kali, udongo unapasuka mpaka kuku anapoteza kifaranga. Jumatano redio ilikohoa. Alhamisi ilinong'ona. Ijumaa jioni mandazi yalirudi jikoni.

Wangila hakulala vizuri. Urefu umepungua, alijiambia, mti umezama. Jumamosi asubuhi alipanda mlingoti mwenyewe, kwa kamba na maombi, akaongeza mwanzi wa futi kumi juu yake. Mandazi. Akapanda tena akafunga kifuniko cha sufuria juu ya mwanzi ili kikusanye sauti. Mandazi, na sasa kifuniko kilikuwa kikilia kwenye upepo ng'arang'ara. Akashuka, magoti yamechubuka, akaona kwamba jambo lililobaki ni usafi. Bomba la laini lilifunguliwa asubuhi tu, na alikuwa na pipa moja la maji. Nusu aliimwaga kuosha uwanja wa mbele, pale wageni watakapokanyaga. Nusu iliyobaki akaiogea na kupikia chai. Nyuma ya nyumba hakumwaga hata tone, maana wageni hawaji kwa nyuma.

Saa kumi na nusu wakafika, kwenye mkokoteni wa Kituyi. Mzee Shitanda alikuwa na suti nyeusi na saa yake ya mnyororo. Selpha alikuwa na gauni la maua madogo, na alipoona kifuniko cha sufuria kikicheza angani aliuma midomo yake. Nyuma yao alishuka Mama Kavetsa, mama yake Selpha, mwanamke mnene mwenye utulivu, leso mbili mabegani.

Mnajua heshima ya kwetu. Mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hata kama ng'ombe hawajaongelewa, mtu mwenye adabu anaanza mapema. Wangila, ambaye adabu aliijua vizuri wakati wa kuonekana, alikuwa ameandaa kiti cha mama nje, mbele ya nyumba, chini ya mlingoti, ili asikie kupitia mlangoni bila kumwona mtu. Alikipangusa kiti kile mara tatu. Mama Kavetsa akaketi, macho pembeni, akapewa kikombe cha chai na Selpha. Jua la jioni lilimpiga usoni moja kwa moja, lakini hakulalamika, si mtu wa kulalamika.

Ndani, wakakaa. Kituyi aliegemea mlango. Wangila akawasha redio.

Mandazi.

Akasema ni hali ya hewa. Akajimiminia chai. Akazungusha kifundo akasema Nairobi leo wamechelewa kuamka. Akajimiminia chai ya pili. Saa kumi na moja kamili, katikati ya yale mandazi, ikasikika sauti nyembamba ya mtu akisema karibuni kwenye salamu, halafu ikazama. Wangila akanywa chai ya tatu bila sukari. Ikasikika "Kisumu", ikazama. Ikasikika "na shangazi yake wa Naivasha", ikazama. Alikunywa ya nne na ya tano akiwa amesimama. Alipiga sanduku kofi, akalibembeleza, akalipiga tena.

Mzee Shitanda akatoa saa yake mfukoni. Akaifungua, akaiweka juu ya meza, akaitazama. Selpha aliangalia mikono yake. Saa kumi na moja na dakika kumi na nane.

"Kipindi ni cha dakika ngapi?" akauliza Mzee.

"Ishirini na tano," Wangila akajibu.

Hapo ndipo Kituyi aliposogea. Kwa nini alimwambia, mimi sijui mpaka leo. Wengine husema ni utu, wengine husema alijua tangu mwanzo kitakachofuata. Aliinama kwenye sikio la Wangila, lile lenye penseli, akanong'ona ili Mzee asisikie.

"Bwana karani, jembe lako ni kavu. Wazee ndio walikuwa wanalinywesha."

Wangila alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Kila kitu kikamjia kwa mpigo. Jembe. Wakaguzi. Kila jioni, kila sauti. Siku zote zile haikuwa urefu! Aliangalia pipa, tupu. Aliangalia birika, tupu, amelimaliza mwenyewe. Dakika sita zimebaki. Halafu akahisi chai tano zikimwita, zote kwa pamoja, na akajua Mungu hamwachi mtu wake.

Akasema samahani, anakwenda kurekebisha mtambo. Akatoka mbio, akazunguka nyumba kwa upande wa kushoto, akaliona jembe, hakuona kingine, akasimama mbele yake, akafanya kilichohitajika.

Lo, redio ikanguruma! Ilitoka kwa dirisha la nyuma kwa sauti ambayo haijawahi kutoa, nzito, safi, kana kwamba mtangazaji amekaa juu ya meza ya Mzee Shitanda.

"Na sasa tunafika Eldoret! Anaandika Bwana W. Wangila, Msimamizi Mkuu wa Uzito."

Wangila alifumba macho. Utamu ulioje. Hakuthubutu kupunguza, maana kila alipopunguza kidogo sauti nayo ilipungua, basi akajikaza, akaelekeza vizuri.

"Anamsalimu kwa heshima kubwa Mzee Shitanda wa reli, na binti Selpha. Zaidi ya wote anamsalimu Mama Kavetsa, ambaye anatumaini kumwita mama. Anasema, mama, mimi ni mtu wa adabu, sijui pombe, na leo nasimama mbele yako kama nilivyo, sina la kuficha."

Aliyaandika maneno hayo mwenyewe, kwa wino wa ofisi, usiku tatu mfululizo. Kuyasikia yakisomwa na Nairobi kulimfanya ainue uso kwa fahari, afungue macho, na atabasamu.

Hatua tatu mbele yake, kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha, alikuwa ameketi Mama Kavetsa. Kule mbele jua lilikuwa limemshinda. Alikuwa ameinua kiti chake kimyakimya, akazunguka nacho kwa upande wa kulia, akatafuta kivuli, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kikombe kilikuwa mkononi. Alimtazama Wangila, na Wangila akamtazama, na kwa muda ambao kwa Wangila ulikuwa mrefu kuliko mlingoti, chai tano hazikukubali kusimama.

Mama Kavetsa akaweka kikombe chini. Akajifunika leso kichwa kizima, akainuka, akaondoka akipapasa ukuta.

Ndani ya nyumba Mzee Shitanda hakujua kitu. Alikuwa amesimama, saa mkononi, uso umelainika. Alikuwa amesikia jina kwa masikio yake, na neno lake lilikuwa neno. Alitoka nje mkono ameunyoosha, akiita mkwe wake yuko wapi waongee habari ya ng'ombe. Alichokutana nacho mlangoni ni mkewe, amefunikwa leso mpaka kiunoni, akiomba apelekwe nyumbani.

Na kwa upande mwingine wa uwanja, wakiwa wameisikia redio ikinguruma na kuelewa kwamba chungu kimerudi, walikuwa wanaingia Mzee Walubengo na wakaguzi wote, mirija mabegani kama kikosi. Mzee Walubengo alienda moja kwa moja mpaka kwenye kona ya nyumba, akachungulia jembe lililolowa, akageuka akiwa amekasirika kweli.

"Leo nani amefanya kazi yetu?" akauliza.

Mzee Shitanda aliitazama ile mirija. Akanusa hewa. Aliomba aelezwe ni kazi gani, na Mzee Walubengo, mtu mkweli, akamweleza tangu chungu cha kwanza. Hakuruka hata siku moja.

Ng'ombe hawakuongelewa. Kilichoongelewa ni kondoo, kondoo mmoja mweupe asiye na doa, ambaye Wangila alitakiwa kumtoa ili aibu ile isafishwe na Mama Kavetsa aweze kupita njia ya kiwandani bila kujifunika. Alimtoa. Mzee Shitanda alimpokea kupitia kwa mtu mwingine, ili wasionane. Selpha na Kituyi walifunga ndoa Aprili, mvua zilipoanza, na waliondoka kanisani kwenye mkokoteni.

Mvua hizo ziliilowesha ardhi yote ya Uasin Gishu, na redio ya Wangila ikaongea mchana kutwa bila msaada wa mtu. Lakini kila ilipofika saa ya salamu aliizima.

Hata hivyo jambo lililomuuma zaidi ni moja. Wanawake wa kanisa walimzunguka Mama Kavetsa Jumapili moja, wakamwuliza kama ni kweli, kama kweli yule karani alitajwa Nairobi yeye akiwa palepale. Mama Kavetsa alifikiri kidogo, akarekebisha leso yake.

"Kutajwa alitajwa," akasema. "Na mlingoti wake tusiuseme vibaya. Wenzangu mle ndani walimsikia tu. Mimi nilimpata na picha."